Kisigino cha Kushoto

Nilifika Guangzhou nikiwa na miaka sita, na kwa miezi ya mwanzo mama hakujua aniweke wapi. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo kutoka Mwanza. Baba alikuwa ameoa kwingine, bibi aliyenilea alikuwa amefariki, na mama hakupata ndugu wa kukaa na mtoto, basi akanichukua. Tulipanga chumba kimoja karibu na Zhanxi, mtaa wa maduka ya jumla. Soko la Shahe hufunguliwa kabla jua halijachomoza, na anayechelewa hukuta mzigo mzuri umeshaondoka, kwa hiyo mama alitoka alfajiri na kuniacha kwa jirani, mwanamke wa Kichina aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa kike. Kila siku baada ya chakula cha mchana jirani alimpeleka mjukuu kwenye ukumbi wa michezo wa mtaa ule, nami nikafuatana nao kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine.

Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ukumbi nikila biskuti. Mwalimu wa pale akaja akanishika mabega, akanipapasa magoti na vifundo vya miguu kama mtu anayechagua mbuzi mnadani, halafu akaninyanyua na kuniweka kwenye chuma, nining'inie pamoja na watoto wengine. Mmoja mmoja wakaachia na kuanguka kwenye godoro. Mimi sikujua kama inaruhusiwa kuachia, kwa hiyo sikuachia. Mwalimu alisimama chini yangu, mikono nyuma, akingoja. Mwishowe ilibidi anibandue kidole kimoja kimoja.

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka thelathini na kitu. Naye aliwahi kuwa mwanajimnastiki. Bega lake la kulia halikuweza tena kupanda juu ya usawa wa sikio. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Ukikosea alikutazama tu, na wewe mwenyewe ulirudi kupanda tena.

Baada ya miezi sita alimwita mama. Alitaka nihamie kwenye bweni la ukumbi, niende shule asubuhi, nifanye mazoezi kuanzia mchana mpaka jioni, na nionane na mama Jumapili. Mama alijua Kichina cha sokoni tu: bei gani, punguza, sitaki, yangu, kesho. Mimi nilikuwa nimeshashika cha watoto wenzangu. Kwa hiyo tulikaa watatu katika ofisi ndogo iliyonuka dawa ya kuchulia misuli, nami nikawa napeleka maneno huku na huku.

"Muulize wanakula nini," mama alisema.

Nikauliza. "Wali, mayai, samaki, maziwa."

"Muulize kama wanapigwa."

Neno hilo sikulijua kwa Kichina, nikaonyesha kwa mkono. Mwalimu akatabasamu, akatikisa kichwa.

Mama alinitazama kwa muda, halafu akaitazama mikono yake. "Basi," alisema. "Mwambie sawa." Akaandika jina lake kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na mimi nikabaki pale miaka kumi na minne.

Jumapili alikuja na hotipoti iliyofungwa kwenye taulo. Ndani mlikuwa na ugali na dagaa wa nyumbani walioletwa na wafanyabiashara wenzake. Tulikaa kwenye ngazi za nyuma ya bweni, ananisuka twende kilioni kwa sababu Mwalimu alitaka nywele zilale kabisa, na mimi nakula. Aliniongelesha Kiswahili muda wote, akinirekebisha. Kiswahili ninachoandikia hapa ni cha ngazi zile.

Jumatatu asubuhi tulipanda mizani. Nilipofika miaka kumi, Mwalimu alianza kuona kwamba wenzangu walibaki palepale na mimi naongezeka. Hakunikemea. Alinivisha koti la nailoni, akanikimbiza kuzunguka uwanja mpaka koti likajaa jasho, na wasichana wengine wakisubiri zamu yao ya boriti kwa sababu yangu. Jumapili iliyofuata mama alipofungua hotipoti, sikunyoosha mkono.

"Mama, usilete tena."

"Nisilete nini?"

"Chakula. Unaniharibia."

Alirudisha kifuniko, akakibana pande zote mpaka kikalia. "Haya," alisema. "Wewe ndiye unayejua mambo ya huku." Tangu siku hiyo alikuja mikono mitupu. Alinisuka, na akimaliza kunisuka tulikaa tu, yeye akitazama geti. Nilikuwa mtoto, na nilidhani nimeshinda jambo fulani.

Watu huniuliza kama niliupenda mchezo ule au nililazimishwa. Niliupenda. Boriti ina upana wa kiganja na urefu wa mita tano, na kimo chake kilinifika kifuani. Mwanzoni unaitembea kwa hofu. Baada ya miaka kadhaa unaruka juu yake kinyumenyume bila kuiona, na miguu inaikuta ilipo. Viganja vyangu vilichanika, vikapona, vikachanika tena. Niliteguka, nikavunjika kidole cha mguu, nikaanguka kifudifudi nikang'ata ulimi. Lakini kuna kitambo kifupi ukiwa hewani ambapo unajua kwa uhakika ardhi iko wapi, na uhakika wa namna hiyo sijawahi kuupata tena katika jambo lolote.

Nikiwa na miaka kumi na mitatu walikuja watu kuchagua wasichana wa timu ya jimbo. Waliandika majina ya wasichana ambao nilikuwa nawashinda kila wiki. Mwalimu alinieleza kwenye korido kwamba mimi si raia, na kwamba hilo yeye hawezi kulibadilisha. Nilisikiliza huku mkono umegusa ukuta. Kisha akasema, "Nchi ya mama yako inaweza kukuandika."

Mama alituma barua kwa mkono, na mfanyabiashara mwenzake aliyekuwa anarudi nyumbani akaipeleka kwenye ofisi ya michezo. Jibu lilichukua karibu mwaka. Kule nyumbani mchezo huu waliuita sarakasi, na ofisa mmoja alipompigia mama simu aliuliza kama naweza pia kuzungusha sahani juu ya fimbo. Lakini waliniandika. Nikawa mwanajimnastiki pekee wa nchi ambayo nilikuwa naikumbuka kwa harufu na sauti tu.

Vazi langu la mashindano lilishonwa Shahe. Mama alimtafuta fundi aliyekuwa akishona nguo za kuogelea, akamwekea mezani vitambaa vya kijani, buluu, nyeusi na njano, akamwonyesha picha iliyokatwa gazetini. Fundi alipachika vishanga vingi mno kifuani. Mwalimu alivipima mkononi, akaning'olea nusu yake kwa wembe, akinichekesha, na vile vilivyobaki ndivyo nilivyoshindana navyo barani Afrika nikiwa na miaka kumi na sita. Nilipata medali ya shaba kwenye boriti. Mama hakuwepo; kontena lake lilikuwa linapakiwa Huangpu siku hiyohiyo. Nilimpigia simu nikasikia vyuma vya bandarini vikigongana nyuma ya sauti yake. "Umekula?" aliniuliza. Nikamwambia nimekuwa wa tatu Afrika nzima. "Nimesikia," alisema. "Umekula lakini?"

Miaka miwili baadaye nilipata nafasi ya kwenda mashindano ya dunia, na mwaka ule yalifanyika katika mji mwingine wa kusini mwa China, saa chache tu kwa treni.

Wiki tatu kabla ya safari kisigino cha kushoto kilianza kuuma. Asubuhi nilikuwa nashuka kitandani nikishika ukuta. Mwalimu alikibonyeza kwa kidole gumba, akaacha, akabonyeza tena juu kidogo, kwenye ile kano inayounganisha kigimbi na kisigino. Alinifunga barafu. Hakusema kitu mpaka siku ya pili. "Baada ya mashindano utapumzika mwezi mzima," alisema. Nikaitikia haraka, kabla hajabadili mawazo.

Jumapili ya mwisho mama alinitazama nikivuka uwanja kumfuata. "Mbona unakanyagia vidole?"

"Ndivyo tunavyotembea."

"Tangu lini?"

"Mama, ndivyo tunavyotembea."

Siku ya mashindano alikuja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniona nikishindana. Alikuja na wanawake wawili wa Zhanxi, Mtanzania mwenzake na Mkongo mmoja, wote wamefunga vibanda vyao siku nzima. Walikaa viti vya juu na bendera iliyokuwa kubwa kuliko zote ukumbini, kwa sababu mama aliinunua kwa jicho la mtu wa jumla. Niliiona nilipoingia. Boriti nilimaliza bila kuanguka. Vyuma nilimaliza. Likabaki zulia la michezo ya sakafuni, na kwenye zulia ukabaki mruko wa mwisho.

Nilikimbia hatua tatu, nikaweka mikono, nikapinduka, na mguu uliposukuma ili ninyanyuke nilihisi mtu amenipiga teke kwa nyuma. Mlio wake ulisikika mpaka kwenye viti. Niligeuka kumtafuta aliyenipiga. Zulia lilikuwa tupu. Muziki wangu uliendelea mpaka mwisho mimi nikiwa nimekaa chini.

Wakaja na machela. Walipokuwa wananitoa nilisikia sauti ya mama. Alikuwa ameshuka ngazi zote mpaka kwenye uzio, na mlinzi kijana alikuwa amemzuia kwa mikono miwili, bila ukali. Mama alikuwa ananionyesha kwa kidole. "Wo de," alikuwa anamwambia. "Wo de, wo de." Yangu, yangu. Ndilo neno alilolitumia sokoni akiona mtu anashika furushi alilokwisha kulilipia, na hakuwa na lingine. Nilipita mbele yake hatua tano au sita. Nilimwona vizuri kabisa. Nikageuza uso upande wa pili, kwa sababu niliona aibu.

Walinipasua Guangzhou. Kano ilikuwa imekatika yote. Mama aliacha biashara miezi miwili akaniuguza katika chumba chetu, akaniogesha kwenye karai, plasta ikiwa imefungwa mfuko wa plastiki. Hakuuliza chochote kuhusu kisigino. Alikuwa anakumbuka, lakini hakuuliza.

Wiki ya tatu Mwalimu alikuja na mfuko wa machungwa. Alikataa kukaa. Alisimama karibu na mlango, na kwa mara ya kwanza maishani niliona hajui aweke wapi mikono.

"Mwambie mama yako nilijua," alisema. "Kisigino kilikuwa kibaya tangu wiki tatu kabla. Nilijua, na nikakupeleka. Mwambie naomba radhi. Mwambie hivyohivyo."

Mama alikuwa anaosha masufuria. "Anasemaje?"

Nilikuwa na miaka kumi na minane, si mtoto. Nilijua nini kitatokea nikisema ukweli: mama hataniruhusu kurudi ukumbini maisha yake yote. Na mimi nilikuwa nimelala pale siku ishirini nikihesabu miezi ya kurudi.

"Anasema daktari amefanya kazi nzuri," nikamwambia mama. "Anasema nitakuwa kama zamani."

Mama alifunga bomba. Alijifuta mikono polepole, kidole kwa kidole. "Mwambie nilimpa mtoto mzima," alisema. "Mwambie sina neno jingine la kumwambia. Na hapa kwangu asikanyage tena."

"Mama anashukuru kwa matunda," nikamwambia Mwalimu. "Amechoka, anaomba apumzike."

Mwalimu alimtazama mama, mama akamtazama Mwalimu. Kisha Mwalimu aliinamisha kichwa kidogo, akatoka, na mama akarudi kwenye masufuria yake. Hawakuonana tena.

Nilirudi mazoezini. Nilimwambia mama nakwenda kunyoosha mguu hospitali, na alijifanya kuamini, ingawa nilirudi na unga mweupe wa kupakia viganja kwenye mikunjo ya viwiko. Nilifanya mazoezi karibu mwaka mzima. Nilipofika miaka ishirini kano ilichanika tena, safari hii kwenye meza ya kurukia, asubuhi ya kawaida, hakuna aliyekuwa akitazama. Daktari alinionyesha picha akasema maneno machache. Mwalimu alinivua mwenyewe vile vipande vya ngozi tunavyovaa viganjani, akavikunja, akanipa. Nikatoka getini na begi moja.

Nilikuwa sijui kupika chai. Nilikuwa sijui kuchagua nguo, kwa kuwa miaka yote nilipewa. Nilikaa kwa mama nikijifunza vitu ambavyo mtoto wa miaka tisa anavijua, na mama alinifundisha bila kunicheka. Baadaye nikapata kazi ya ukalimani Zhanxi, kwa wafanyabiashara wanaotoka nyumbani. Walinipenda kwa sababu sikuongeza wala kupunguza neno. Laoban, yaani mwenye duka, akimtukana mteja, nilimtafsiria mteja tusi lake. Miaka mitano iliyopita nikapata na kazi nyingine ya alasiri, kufundisha watoto wa miaka minne na mitano kupiga samasoti katika ukumbi wa ghorofa ya tatu kwenye jengo la maduka, Tianhe. Wanacheka sana. Hakuna mizani.

Mguu wangu haukupona sawasawa. Baridi ikiingia nachechemea, na kila mama aliponiona nikichechemea alisema jambo lilelile. "Hata pole hakusema. Mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu, anakuja na machungwa. Hata pole." Alisema hivyo miaka kumi na miwili. Alisema akikunja nguo, akisubiri lifti, akimsimulia mgeni. Katika sala zake alimtaja Mwalimu kwa namna ambayo sitaki kuiandika. Nami nilikuwa nasikia, nanyamaza, na kila mwaka ulioongezeka ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Mwaka jana alianza kukonda. Alisema ni tumbo tu, ni uchovu wa Shahe. Nilipompeleka hospitali walimlaza siku hiyohiyo. Daktari, mwanamke wa makamo, aliniita kwenye korido akaniambia ugonjwa umeenea, hautibiki, ni suala la wiki chache. "Kwa kawaida hapa tunawaambia jamaa," alisema. "Mgonjwa tunamwacha atulie. Mwambie ni vidonda vya tumbo."

Nilirudi wodini. Mama alikuwa amekaa, mito miwili mgongoni. "Kasemaje?"

Nikagundua kwamba uongo ulikuwa tayari mdomoni, umenyooka, sentensi nzima, na sauti ya kuusemea. Ulikuja kwa urahisi kuliko ukweli. Hilo ndilo lililonitisha. Nilikaa kitandani kwake nikamwambia alichosema daktari, chote. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa kitu alichokwisha kukisia. Kisha nikamwambia na la pili. Nilimwambia yale Mwalimu aliyosema siku ya machungwa, neno kwa neno, na yale niliyomwambia Mwalimu kwa niaba yake.

Mama alivuta shuka mpaka kifuani. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anamenya yai.

"Miaka kumi na miwili," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Umenitazama namlaani yule mwanamke. Umenitazama tu."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kurudi ukumbini."

Aliuelekeza uso dirishani. Aliporudi kunitazama hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. "Sasa leo," aliuliza, "nitajuaje kama daktari kasema hivyo ulivyoniambia?"

Nikamimina maji kwenye kikombe chake, nikamsogezea.

Kesho yake aliwapigia wenzake wa Zhanxi awaombe mtu mwingine wa kumtafsiria. Alikuja dada mmoja wa Zanzibar, msomi aliyekuwa anamalizia shahada ya udaktari wa falsafa katika mambo ya dawa, amenizidi miaka kama mitano, mtulivu, mtandio umefungwa vizuri. Alimwamkia mama shikamoo, akauliza hali, akavuta kiti. Mama akaniambia, "Nenda kanunue maji." Yalikuwepo maji chupa tatu mezani. Nikaenda.

Ikawa hivyo kila daktari alipopita. Nilisimama koridoni, na kupitia kioo cha mlango niliona midomo ya mama ikitembea, yule dada akimsogelea kusikia, kisha akimgeukia daktari. Nilikuwa mkalimani wa mama tangu nina miaka saba. Nilimtafsiria wenye nyumba, mafundi, askari wa uhamiaji, mawakala wa Huangpu. Sasa nilikuwa nje ya kioo.

Siku moja mazungumzo yalichukua muda, na daktari alitoka akiwa amevua miwani. Nilimfuata yule dada mpaka kwenye lifti.

"Dada, mama amemuuliza nini?"

Alinishika mkono. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama kaniomba nisiseme."

"Mimi ni mwanawe."

"Najua, mwenzangu. Lakini kaniomba, nami nimemkubalia. Niwie radhi."

Lifti ikafunguka, akaingia. Sikumkasirikia. Alifanya kazi ile kama inavyotakiwa kufanywa.

Mama hakunifukuza. Aliniacha nimuogeshe, nimlishe uji kwa kijiko, nimgeuze ubavu. Alinisimulia habari za Mwanza, za mvua zake, za dada yake mkubwa waliyekuwa wakigombania kanga, na mara moja alicheka. Aliniuliza watoto ninaowafundisha wanaitwa nani, nikamtajia wote. Lile jambo hakulitaja tena. Hakunisamehe, au kama alinisamehe, alimwambia mtu mwingine. Alifariki siku ya ishirini na moja, saa nne asubuhi, nilipokuwa nimekwenda kuchukua dawa dirishani, na yule dada ndiye aliyekuwa amemshika mkono.

Tulimsafirisha Mwanza. Wafanyabiashara wa Zhanxi na Shahe walikuja uwanja wa ndege, wengine na mikokoteni yao, wakasali kwa dini zote. Nyumbani ndugu za mama walinipokea vizuri, ingawa walishangaa Kiswahili changu, kwamba ninaongea kama mwanamke wa umri wa mama. Baada ya maziko, mama mkubwa, yule wa kanga, alinikalisha kando.

"Mdogo wangu aliacha neno gani?"

"Sijui, mama mkubwa," nikamwambia. "Sikuwa chumbani."

Alidhani ni huzuni inayosema. Akanifunika mabega kwa kitenge.

Niliporudi Guangzhou nilimtafuta Mwalimu. Alikuwa amestaafu, anaishi peke yake katika mji wa jirani, kwenye jengo la zamani lisilo na lifti, ghorofa ya tano. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa. Alinipa chai, akatazama mguu wangu kabla ya uso. Nilimwambia mama amefariki. Halafu nikamwambia kwamba siku ile ya machungwa sikutafsiri alichosema, wala sikumpa alichosema mama.

Alizungusha kikombe mezani. "Nilijua," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nimewafundisha watoto wa watu miaka thelathini. Sauti ya mzazi anayeshukuru naijua. Ile haikuwa hiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungerudi ukumbini?"

Chini barabarani gari la takataka lilipita likipiga muziki wake.

"Ningeweza kwenda tena na mtu mwingine wa kutafsiri," alisema. "Niliwaza hivyo mwaka uleule. Na mwaka uliofuata. Kila mwaka ukikaribia mwaka mpya niliwaza, nikakuandikia wewe salamu, basi." Alijishika lile bega la kulia. "Alisema nini hasa, mama yako?"

Nikamtafsiria. Nilimwambia: alisema alikupa mtoto mzima. Alisema hana neno jingine la kukwambia. Alisema kwake usikanyage tena.

Aliniomba nirudie. Nikarudia, polepole, bila kuongeza wala kupunguza. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila sentensi, kama anayepokea hesabu ya makosa kutoka kwa waamuzi, na machozi yalimtiririka bila kujifuta. Kisha akasema, "Asante," akainuka akaniongezea chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Nilipoaga alinisindikiza mpaka mlangoni. Ngazi zilikuwa kali na giza kidogo, na kisigino kilikuwa kimekaza kwa baridi, kwa hiyo nilishuka upandeupande nikishika chuma, hatua moja, nyingine inafuata. Hakusema kwaheri wala nenda salama. Ghorofa ya tatu nilisimama kupumzika, nikatambua kwamba bado sijasikia mlango wake ukifungwa.